Kuweka Tarehe kwa Vitufe Katika Excel, Word na Programu Nyingine za Ofisi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyapokea kwa miaka mingi kutoka kwa makatibu muhtasi, makarani wa masjala, watunza stoo na wahasibu wa vikundi niliokaa nao mbele ya kompyuta. Nimeyaacha jinsi yalivyoulizwa.

Nataka tarehe ya leo kwenye Excel, haraka. Nibonyeze nini?

Shikilia Ctrl, bonyeza nukta mkato, yaani kitufe cha ; kilicho kulia kwa herufi L, kisha Enter. Tarehe ya leo imeingia, na itabaki hiyo hiyo hata ukifungua faili mwakani. Ukitaka saa, ongeza Shift: Ctrl+Shift+;. Ukitaka vyote viwili katika seli moja, bonyeza Ctrl+;, acha nafasi moja, halafu Ctrl+Shift+;, kisha Enter.

Kwenye Mac, Excel hutumia Control+; kwa tarehe na Command+; kwa saa. Wengi huzoea kubonyeza Command kwa kila kitu, wakashangaa wanapata saa badala ya tarehe.

Nina watu arobaini kwenye orodha ya mahudhurio. Lazima nibonyeze mara arobaini?

Hapana. Chagua seli zote arobaini kwanza, bonyeza Ctrl+;, kisha maliza kwa Ctrl+Enter badala ya Enter. Zote zinajaa kwa pamoja. Kama unataka kurudia tarehe ya mstari wa juu, simama kwenye seli iliyo chini yake ubonyeze Ctrl+D.

Mwenzangu ofisini anatumia =TODAY(). Si ni kitu kile kile?

Si kitu kile kile, na ningependa usome jibu hili hata kama mengine utayaruka.

Ctrl+; inafanya kazi kama muhuri wa tarehe wa masjala. Karani akishagonga muhuri kwenye barua iliyopokelewa, tarehe ile imekwisha kukaa. =TODAY() ni kama saa ya ukutani: kila ukiiangalia inakuambia leo ni lini. Vyote vina kazi yake, lakini ukitundika saa ya ukutani mahali pa muhuri, umefuta kumbukumbu bila kujua.

Niliwahi kuitwa kuangalia leja ya stoo iliyowekwa kwenye Excel. Mtunza stoo alikuwa mwangalifu na kila mzigo ulioingia aliuandika. Ila safu ya tarehe yote ilikuwa =TODAY(). Kila asubuhi alipofungua faili, saruji iliyopokelewa miezi mitatu nyuma ilionekana imepokelewa leo. Wakaguzi walipofika hakuwa na namna ya kuonyesha lini kitu kipi kiliingia, na mtu mwaminifu alibaki akijieleza kama mwizi. Tulizipata tarehe nyingi kwenye hati za kupokelea mizigo zilizokuwa bado kwenye boksi. Nyingine hatukuzipata kabisa.

Basi jiulize: je, tarehe hii inaeleza jambo lililokwisha kutokea? Mzigo umepokelewa, fedha zimelipwa, mgonjwa ameandikishwa, barua imetumwa. Hapo tumia Ctrl+;. Je, tarehe hii inahesabu kitu kinachoendelea? Siku zilizobaki kabla ya mkopo kuiva, umri wa mtoto, deni limechelewa siku ngapi. Hapo =TODAY() ndiyo yenyewe. Kwa mfano =TODAY()-B2 hukuambia siku zilizopita tangu tarehe iliyo B2, na =DATEDIF(B2,TODAY(),"Y") hukupa umri kwa miaka kamili.

Nimeshaweka =TODAY() leo na nataka ibaki hapo. Nifanyeje?

Simama kwenye seli, bonyeza F2, kisha F9, kisha Enter. Fomula inageuka kuwa thamani ya leo. Kwenye laptopu nyingi itabidi ushikilie Fn ndipo F2 na F9 zikubali. Kama ni seli nyingi, zinakili kwa Ctrl+C, kisha zibandike pale pale kwa kuchagua kubandika thamani tu. Fanya leo, kesho umechelewa.

Na kwenye Word je?

Alt+Shift+D huweka tarehe, Alt+Shift+T huweka saa. Kwenye Mac tarehe ni Control+Shift+D.

Lakini tahadhari: Word iko kinyume na Excel. Ctrl+; ya Excel hukupa tarehe isiyobadilika, wakati Alt+Shift+D ya Word hukupa tarehe inayotembea. Ukiibofya utaona kivuli cha kijivu nyuma yake. Kivuli kile ni dalili kwamba huo ni uga, yaani nafasi ambayo Word huijaza yenyewe, na utajisasisha. Ukitaka ikae, bofya juu yake ubonyeze Ctrl+Shift+F9: uga unakuwa maandishi ya kawaida. Usibonyeze Ctrl+Shift+F9 ukiwa umechagua hati nzima, kwa sababu orodha ya yaliyomo na viungo vyote navyo vitageuka maandishi makavu yasiyojisasisha tena.

Njia ya pili ni kwenda "Insert", kisha "Date & Time", uondoe alama ya tiki kwenye "Update automatically". Hapo hapo unaweza kuchagua mtindo unaoupenda na kubonyeza "Set As Default", na tangu siku hiyo Alt+Shift+D itafuata mtindo huo.

Nimefungua barua za mwaka jana na zote zina tarehe ya leo! Zimeharibika?

Maandishi ni mazima. Kilichopotea ni tarehe inayoonekana, na mara nyingi inaokoleka. Kwanza usihifadhi chochote. Nenda "File", kisha "Info", uone faili iliundwa lini na ilihifadhiwa mara ya mwisho lini. Linganisha na nakala ya karatasi kwenye jalada ikiwa ipo.

Kisha bonyeza Alt+F9. Tarehe zote zitageuka kuwa maandishi ndani ya mabano ya vifundo, yakianza na neno DATE. Futa DATE uandike SAVEDATE ikiwa barua haikuguswa tangu ilipotumwa, au CREATEDATE ikiwa iliandikwa na kutumwa siku ile ile. Bonyeza Alt+F9 tena, weka kishale juu ya tarehe, bonyeza F9, na ukiridhika Ctrl+Shift+F9 ili isihame tena. CREATEDATE ina mtego mmoja: katibu aliyefungua barua ya Januari, akaandika juu yake barua ya Machi na kuihifadhi kwa jina lile lile, ataona tarehe ya Januari.

Barua ya onyo, barua ya kusitisha mkataba, barua ya kuomba likizo: kwenye hizo tarehe ndiyo inayobeba haki ya mtu. Mfanyakazi aliyepewa siku 14 za kujieleza anahesabu kutoka kwenye tarehe ile. Nakala inayochapishwa upya ikiwa na tarehe nyingine inaweza kumwumiza bila mtu yeyote kukusudia uovu. Kwa sababu hiyo nawaambia makatibu muhtasi wasiitume barua yoyote rasmi ikiwa na kivuli cha kijivu chini ya tarehe.

Nikibonyeza Alt+Shift+D, kibodi inabadilika lugha.

Kompyuta yako ina mipangilio miwili ya kibodi, na Alt+Shift pekee yake ndiyo inayobadilisha kutoka mmoja kwenda mwingine. Unaviachia vidole mapema. Shikilia Alt na Shift, bonyeza D kabla hujaachia chochote.

Tarehe inaanza na mwezi. Nataka siku kwanza, kama tunavyoandika sisi.

Ctrl+; hufuata mtindo wa tarehe fupi uliowekwa kwenye Windows, na kompyuta nyingi zinakuja zikiwa na mpangilio wa Marekani. Fungua "Control Panel", ingia "Region", na kwenye tarehe fupi weka dd/MM/yyyy. Angalia herufi: MM kubwa ni mwezi, mm ndogo ni dakika.

Usidhani hili ni suala la sura tu. Kompyuta yenye mpangilio wa Marekani ukiiandikia 25/12/2024, haioni mwezi wa ishirini na tano, hivyo inaiacha kama maandishi, yakiegemea kushoto mwa seli. Hiyo utaigundua. Ukiiandikia 05/12/2024, ikiwa na maana ya tano Desemba, inaipokea kwa furaha kama kumi na mbili Mei na wala haikwambii. Orodha moja, nusu ni maandishi, nusu ni tarehe za uongo.

Kama orodha imekwisha kuharibika hivyo, na tarehe zako ziliandikwa kwa tarakimu mbili za siku, mbili za mwezi na nne za mwaka, fomula hii hurudisha kila moja mahali pake:

=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))

Inafaa tu kwa orodha ambayo tarehe zote ziliingia zikisomwa kimarekani. Ijaribu kwenye nakala kwanza, ukague mistari kumi kwa macho.

Ninaweza kupata majina ya miezi na siku kwa Kiswahili?

Unaweza. Andika =TEXT(A2,"[$-441]dddd, d mmmm yyyy") na utaletewa Jumatano, au Ijumaa, na mwezi wake kwa Kiswahili. Ile 441 ni namba ya Kiswahili cha Kenya ndani ya mifumo ya Microsoft, lakini mtu wa Dodoma au Bujumbura anaitumia vile vile. Kwenye Word, dirisha la "Date & Time" lina orodha ya lugha; Kiswahili kitatokea kama kimewekwa kwenye orodha yako ya lugha za kuhariria.

Na kwa kuwa tumegusa siku: WEEKDAY, fomula inayotoa namba ya siku ya wiki, kwa kawaida huanza kuhesabu Jumapili, jambo linalomchanganya Mswahili, maana kwetu Jumamosi ndiyo mosi. Ukiandika =WEEKDAY(A2,16), hesabu inaanza Jumamosi. Jumamosi inakuwa 1, Jumapili 2, Jumatatu 3, Jumanne 4, Jumatano 5, kisha Alhamisi 6 na Ijumaa 7. Kuanzia Jumamosi hadi Jumatano, majina yetu na namba za kompyuta zinakubaliana neno kwa neno. Siku nilipoligundua hili nilifurahi sana, na hadi leo napenda kuwaonyesha wanafunzi.

Ctrl+Shift+; inaniandikia 2:15 PM lakini sisi ni saa nane na robo. Inabadilika?

Kifupi cha kibodi hakibadiliki, lakini fomula ya pembeni inasaidia. Ikiwa saa iko A2, andika =MOD(A2-0.25,0.5) na uipe seli mtindo wa h:mm. Ile 0.25 ni robo ya siku, yaani saa sita tunazotofautiana, 0.5 ni nusu siku. 14:15 itakuwa 8:15, na 20:00 itakuwa 2:00. Saa kumi na mbili, ya asubuhi au ya jioni, itaonekana 0:00, na ndivyo hesabu ilivyo. Asubuhi, mchana, jioni au usiku utaviandika mwenyewe. Ushauri wangu ni kuacha saa ya kompyuta kama ilivyo kwenye kumbukumbu rasmi, na kutumia saa ya Kiswahili kwenye ratiba za kubandika ukutani, mahali watu watakapoisoma kwa macho yao.

Ninabonyeza Ctrl+; na inaniletea mwaka wa zamani. Excel imeharibika?

Excel huichukua tarehe kwenye saa ya kompyuta. Ikiwa kompyuta ya mezani inarudi mwaka wa nyuma kila umeme unapokatika, betri ndogo ya kwenye bodi mama imekwisha. Ni duara kama sarafu, kwa kawaida CR2032 ya volti 3, na fundi anaibadilisha kwa dakika chache. Dalili nyingine ya ugonjwa huo ni tovuti kukataa kufunguka zikidai cheti cha usalama hakifai.

Nakuomba usiliache hili kwa kurekebisha saa kila asubuhi. Siku moja mtu atasahau, na risiti za siku nzima zitaandikwa mwaka usiokuwepo.

Kagua pia ukanda wa saa. Tanzania, Kenya na Uganda tuko UTC+3, na kwenye Windows unachagua Nairobi. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, Goma, Bukavu na Lubumbashi, ni UTC+2. Kinshasa ni UTC+1.

Niko Bujumbura, kibodi yangu na Excel yangu ni za Kifaransa.

Ctrl+; inafanya kazi kwa tarehe. Kwa saa, kwa kuwa nukta pacha ina kitufe chake kwenye kibodi ya Kifaransa, unabonyeza Ctrl+: bila Shift. Fomula ndizo zinazobadilika: =AUJOURDHUI() badala ya =TODAY(), =MAINTENANT() badala ya =NOW() inayoleta tarehe pamoja na saa, na mtindo wa tarehe huandikwa jj/mm/aaaa. Ndani ya fomula unatenganisha kwa nukta mkato badala ya mkato.

Google Sheets na Google Docs?

Kwenye Sheets, Ctrl+; ni tarehe, Ctrl+Shift+; ni saa, na Ctrl+Alt+Shift+; ni vyote viwili kwa pamoja, jambo ambalo Excel haina. Kwenye Docs andika @today ubonyeze Enter.

Kabla hamjaanza kutumia jedwali la pamoja, ingia "File", kisha "Settings", uangalie nchi na ukanda wa saa. Jedwali lina mipangilio yake lenyewe, tofauti na ya kompyuta yako. Likibaki kwenye saa za Marekani, =TODAY() itakuletea tarehe ya jana saa za asubuhi. Kikundi chenye wanachama Mwanza, Muscat na Minneapolis kikubaliane ukanda mmoja, kiuandike juu ya jedwali.

LibreOffice?

Calc, programu yake ya majedwali, inafuata Excel: Ctrl+; na Ctrl+Shift+;. Writer, ile ya kuandikia barua, haina kifupi cha tarehe mpaka ukiweke mwenyewe kupitia "Tools", "Customize", sehemu ya kibodi. Ukipita kwenye menyu, "Insert", "Field", "Date", utapata tarehe isiyobadilika, uamuzi ambao naukubali kabisa. Wapo wasomaji watakaokumbuka kwamba babu wa programu hii alishazungumza Kiswahili: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice.

Nina Notepad tu.

Bonyeza F5, tarehe na saa zinaingia. Na kama unataka daftari la kumbukumbu za kila siku, andika .LOG kwa herufi kubwa kwenye mstari wa kwanza kabisa, hifadhi, funga. Kila utakapofungua faili hiyo, Notepad itaongeza tarehe na saa mwishoni yenyewe. Kwa mlinzi wa getini mwenye kompyuta kuukuu, hiyo inatosha kabisa.

Seli inaonyesha ##### au namba kama 45658.

##### mara nyingi ni safu nyembamba tu, ipanue. 45658 ni tarehe iliyovuliwa nguo zake. Excel huhifadhi kila tarehe kama idadi ya siku, ikianzia 1 kwa tarehe 1 Januari 1900. 45658 ni 1 Januari 2025. Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961, ni 22624. Wa Kenya, 12 Desemba 1963, ni 23357. Bonyeza Ctrl+Shift+# na namba itavaa sura ya tarehe, au Ctrl+1 uchague mtindo mwenyewe.

Kwa sababu ni namba, unaweza kujumlisha. =A2+30 ni siku thelathini mbele, =EDATE(A2,1) ni mwezi mmoja mbele, na =DATE(YEAR(A2),MONTH(A2)+1,20) ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, ambayo wafanyabiashara wengi wa Kenya na Tanzania wanaijua kwa marejesho ya VAT.

Ninaandika historia ya Zanzibar na Excel haikubali tarehe za karne ya 19.

Haiwezi. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1 Julai 1890 utabaki maandishi, wala hutaweza kuupanga kwa mfuatano na tarehe za baadaye. Tumia Calc ya LibreOffice, inayokubali tarehe za kabla ya 1900, au tenga safu tatu za mwaka, mwezi na siku. Jihadhari pia na miezi miwili ya mwanzo ya 1900, kwa kuwa Excel inaamini kulikuwa na 29 Februari mwaka huo. Haikuwepo. Kosa hilo lilirithiwa makusudi kutoka Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia, ili faili za zamani zisomeke.

Nataka tarehe ijiweke yenyewe ninapoandika jina la mteja.

Watu hutumia =IF(A2="","",IF(B2="",NOW(),B2)) ndani ya B2, wakiwa wameruhusu hesabu za kujirudia kwenye mipangilio ya Excel. Inafanya kazi. Mimi siifundishi, kwa sababu faili ikihamia kwenye kompyuta isiyo na ruhusa hiyo, inatoa onyo la mzunguko na mtumiaji hajui afanye nini. Vitufe viwili unavyobonyeza kwa hiari yako ni salama zaidi.

Na kwenye majina ya faili?

Windows haikubali mshazari kwenye jina la faili, kwa hiyo 03/04/2025 haiandikiki. Andika mwaka, mwezi, siku: 2025-04-03. Faili zitajipanga zenyewe kwa mfuatano wa siku, na hakuna atakayeuliza kama ni Machi au Aprili. Kifupi cha moja kwa moja hakipo. Bonyeza F2 juu ya faili, kisha Home ili kishale kiende mwanzo wa jina, uandike tarehe kwa mkono.